Kilomita Elfu za Kwanza

Injini hii haina pistoni.
Nawaeleza wanaopita uchochoroni, hapa Mabatini,
hawaamini. Basi nawaonyesha rota:
sambusa ya chuma, pande tatu zimetuna,
inazunguka ndani ya chumba chenye umbo la karanga.
"Sasa inagonga wapi?" anauliza Magesa, fundi wa mashine za mitumbwi.
Haigongi. Inazunguka tu,
kama mama mkwe mwenye neno asilolisema.

Lilikuwa gari la Doto.
Lilishuka bandarini likitoka Japani, jekundu, limeinama,
likapanda hadi huku likikwaruza tumbo kwenye kila tuta,
na miezi minne tu
akaliua karibu na Usagara, mshale wa joto
umelala upande mwekundu, yeye anaimba.
Lilirudi kwa kamba, nyuma ya lori la pamba.
Mwezi uliofuata akaenda Kahama, mgodini.
Funguo alikuwa ameziacha juu ya friji.

Nikawahamisha kuku.
Bandani nikalaza mlango wa zamani juu ya matofali,
nikafungua nati kwa nati, na mpangilio wake
nikauandika kwa chaki kwenye jabali la nyuma ya nyumba
(huku kwetu jiwe halihami, nyumba ndiyo inayolikwepa).
Alfajiri mvua ikaja kutoka ziwani
ikafuta nusu.

Sili za ncha huwa sita. Nilikuta tano.
Ya sita ilipasuka, ikapita kwenye tabo,
ikatafuna mapanga yake kama mbuzi kwenye khanga.
Mpya zilikuja kwa basi, ndani ya bahasha,
nyembamba kama dagaa aliyeanikwa akakauka,
bei yake mshahara wangu wa miezi miwili.
Doto alituma elfu arobaini. "Ya sili moja," aliandika.
Sikumwambia kwamba haitoshi hata springi yake.

Mchana natengeneza majokofu kiwandani,
minofu ya sangara isiharibike kabla ya ndege.
Huko nilipewa mapezi ya alumini ya kipozeo kilichotupwa,
nikayachomelea upya, nikayafunga mbele ya gari,
na kila pumzi inayovutwa na injini
sasa inapitia kwanza kwa samaki.

Tabo zilikuwa mbili, pacha.
Moja huamka mapema,
ya pili hungoja mbio zikolee ndipo iingie.
Kulwa, kisha Doto.
Nilikaa nazo mapajani mpaka umeme ukakatika,
ukarudi.
Nikafunga moja, kubwa.

"Umezitoa zote?" akauliza kwenye simu.
"Zote."
Nikasikia mitambo ya mgodi, au ni yeye anapumua.
"Na sauti je?"
"Njoo usikie."

Hakuja. Iliwaka Jumanne, saa nne usiku,
jaribio la kumi na moja:
pa, pa-pa, pa,
kama mtu anayetwanga huku akisinzia.
Moshi mweupe ukajaa uchochoro mzima.
Mama Nyamizi akafungua dirisha anitukane,
akasimama na tusi lake mdomoni, akisikiliza.

Sasa sili zinahitaji kuizoea nyumba:
kilomita elfu moja bila kukanyaga.
Kwa hiyo msinicheke, jamani, mkiliona barabara ya Nyegezi
gari la nguvu za farasi mia nne
likipitwa na baiskeli ya mkaa.
Mwenye baiskeli aligeuka, akanipungia mkono kwa huruma.
Kutangulia si kufika: ndivyo Doto alivyozoea kunitania
kwa zile dakika kumi na mbili nilizomzidi duniani.

Zimebaki mia sita.
Nimepiga hesabu kwa chaki, jiweni, chini ya ile iliyofutika:
Kahama, kwenda na kurudi, inaingia humo na chenji inabaki.
Jumamosi nitajaza oili, maji, na dumu moja la akiba.
Usagara nitapita taratibu,
jicho kwenye mshale.